Wazazi wa Mwalimu

Kabla Leta haijafungua shule yake, masomo yote ya Kindu yalikuwa ya misioni. Leta ndilo jina tulilowapa Wabelgiji na serikali yao. Sisi tulikaa Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, na mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu tangu enzi za mababu. Watoto wetu walisoma chuoni Kurani, wakimaliza wakaenda shamba la mpunga au kuvua samaki. Mama mkwe wangu alikuwa na neno lake moja kuhusu shule za mapadri.

"Mutoto wanamufundisha a-e-i-o asubuhi," alisema, "mangaribi wanamumwangia maji ku kichwa."

Ukimwuliza nani aliyemwagiwa, alikutajia mtoto wa binamu yake, aliyetoka nyumbani na jina la mtume akarudi na jina la mtakatifu. Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Ndipo Leta ikajenga shule yake upande wa stesheni, ya matofali na mabati. Mpiga mbiu alipita mtaani akisema hakuna mtoto atakayebatizwa huko, na kila mzazi atachagua mwenyewe: mtoto asome dini yake, au asome adabu njema tu. Bwana wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kutia kuni katika mashini ya gari la moshi. Siku hiyo alikuwa amerudi safari ya Kongolo. Alimsikiliza mpiga mbiu mpaka mwisho, akaingia ndani, akasema binti yetu atakwenda.

"Maji hakuna?" mama yake akauliza.

"Hakuna, mama."

"Kweli hakuna?"

"Mama, maji ni ya mto tu, ya kuvukia."

"Basi aende. Lakini mutoto mwanamuke, mumutafutie kilemba."

Hivyo ndivyo mtoto wangu wa kwanza alivyoanza shule, na mimi nikaanza kujua shule ni nini, kwa sababu mama wa mwanafunzi naye anasoma, apende asipende. Wazazi wa mtaa tulipatana na Wagenya, kabila la wavuvi wenye mto wao, watuwekee mtumbwi mmoja mkubwa wa watoto kila asubuhi, na kila siku mzazi mmoja akae nao humo. Nilipenda zamu yangu. Watoto walikaa wawili wawili, vibao vya kuandikia magotini, hawathubutu kutikisika, na Mgenya nyuma akiimba taratibu kwa kufuata kasia lake.

Shida ilikuja na kiangazi. Kiangazi mto wetu unatoa ukungu mzito asubuhi, huoni hata mkono wako. Wagenya hawaondoki mpaka ng'ambo ionekane. Kwa hiyo watoto wa Alunguli walichelewa, leo, kesho, na kesho kutwa. Siku moja binti yangu akarudi na magoti mekundu kwa udongo. Nikamwuliza. Akasema Mesie, yaani mwalimu wao, amewapigisha magoti uani kwa kuchelewa.

Nililala nimekasirika na nikaamka nimekasirika. Nikawaita jirani zangu, mama wa mapacha na mama mmoja aliyeuza samaki wa kukaushwa pale bandarini, tukavuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia katika shule. Tulipofika mlangoni mama wa mapacha akavua ndala, kama tunavyofanya msikitini. Nasi tukavua.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, suruali fupi ya kaki, soksi nyeupe hadi magotini. Alikuwa mtu wa Kasai, Mkristo, ametoka shule ya walimu mwaka ule ule. Kifaransa chake kilikuwa kama cha mzungu, lakini Kiswahili ndio kwanza alikuwa anakiokota. Nikamwambia yote yaliyonijaa tumboni: kwamba mtoto wangu si mwizi, kwamba ukungu haukuumbwa na mimi, kwamba kama anapiga watoto wa watu atuambie tuwarudishe nyumbani.

Yule kijana alishtuka. Akainua mikono yote miwili.

"Hapana, mama! Mimi hapana napika watoto! Hata siku moja sijapika mutoto!"

Mama wa samaki akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mama wa mapacha akauliza kwa upole, "Hata na chumvi, Mesie?" Watoto darasani wakapasuka kwa kicheko, binti yangu mbele yao, nami hasira zote zikaniponyoka nikacheka mpaka nikashika mlango. Mwalimu alitutazama haelewi, mpaka mtoto mmoja alipomwonyesha kwa ishara, huku kupiga, huku kupika. Naye akacheka kuliko sisi. Tangu hapo ikawa vigumu kuendelea na ugomvi.

Tukakaa kwenye madawati ya watoto, tukazungumza. Alisema kwa wazungu saa ni saa, na direkta, mkuu wa shule, akiona viti vitupu yeye ndiye anayeulizwa. Nikamwambia aje kwetu asubuhi moja auone ule ukungu. Akatazama chini.

"Mama, mimi naogopa mayi. Kwetu kijito kinafika hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu.

Hakuvuka. Lakini siku ya pili, mtumbwi ulipotoka katika ukungu, tulimkuta amesimama bandarini upande wa stesheni, mbali kabisa na maji, mgongo umegusa ukuta wa ghala. Alikuwa amemwomba direkta ruhusa ya kuanzia somo la kwanza palepale. Aliwapanga watoto mistari miwili, wakaanza kuhesabu kwa Kifaransa kwa kuimba, wakaenda hivyo hadi shuleni. Basi ikawa kila asubuhi ya kiangazi. Wauza samaki wa bandari wakajifunza hesabu ile bila kulipia ada. Mama wa samaki alifika mpaka ishirini, akawa anawahesabia wanunuzi mafungu kwa Kifaransa, na hata wazungu walikuja kununua kwake kwa ajili ya kumsikia.

Mwaka ukapita. Binti yangu akawa anasoma maandishi ya kwenye mabehewa, baba yake akamzungusha stesheni nzima akimwonyesha kwa watu. Ndipo asubuhi moja ya Jumapili, nikiwa napepeta mchele uani, mtaa ukajaa kelele za watoto: "Mesie anavuka! Mesie anavuka!"

Tulikimbia mtoni. Mwalimu alikuwa chini kabisa ndani ya mtumbwi, amekaa, amekumbatia miguu ya Mgenya aliyesimama kupiga kasia, na yule Mgenya anamwambia, "Niachie muguu moja tu, Mesie, tutafika." Alipokanyaga mchanga alikuwa na rangi ya majivu. Watoto wake wakamshika mikono wakamleta kwetu.

Alikuja na jambo zito. Alikuwa na mchumba kwao Kasai. Mahari ilikwisha kupokelewa, na mjomba wa binti alikuwa anamleta kwa gari la moshi, kupitia Katanga. Lakini mjomba alikuwa ametuma neno: hawezi kukabidhi mtoto wake kwa mtu aliyesimama peke yake kama mti wa shamba lililofyekwa. Anataka kuwaona wazazi. Na huyu kijana baba yake amekufa, mama yake mzee hawezi safari.

"Hapa Kindu," alisema, Kiswahili chake sasa kimenyooka, "wazazi ninaojua njo nyinyi."

Bwana wangu akamtazama mama yake, kwa sababu neno kama lile hajibu mtu mwingine mama yupo. Mama mkwe alipangusa kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Sisi ni Waislamu, mwanangu. Wewe unaoa ku misioni."

"Ndiyo, mama."

"Na mzazi anakaa wapi, siku ile?"

"Mbele, mama. Ku banki ya kwanza," akasema mwalimu, yaani benchi la mbele kanisani.

Mimi nikajua yamekwisha. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Huyo binti," akasema, "anajua kupika wali, ao nitamufundisha mimi?"

Siku ya gari la moshi, Alunguli ilihamia stesheni. Wanawake tulikuwa tumenunua kitambaa kimoja, cha rangi ya machungwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Kulikuwa na ngoma mbili. Mtu mmoja tu hakuwepo, naye ni bwana wangu, baba wa harusi: zamu yake ilikuwa katika gari lile lile. Alikuwa ameahidi kwamba atashuka stesheni ya nyuma, aoge, avae kanzu yake, kisha apande behewa kama abiria. Nilimkunjia kanzu mwenyewe.

Gari likaingia. Mjomba akashuka, mtu mnene, kofia ya kizungu, shati jeupe la kupigwa pasi. Aliwahi kufanya kazi Katanga, Kiswahili alikijua. Nyuma yake binti, mrefu, ametulia, anatutazama sote kama anayechagua kitambaa. Mjomba akaona kundi la kanzu, akadhani amekosea stesheni.

"Baba ya huyu kijana ni nani?"

"Mimi," akasema baba wa mapacha.

"Mimi," akasema mzee wa msikiti wetu.

"Mimi," akasema yule Mgenya wa mtumbwi, na nadhani yeye alikuwa na haki kuliko wote.

"Muntu moja iko na baba ngapi?" mjomba akauliza.

Hapo mlango wa mashini ukafunguka. Bwana wangu akaruka chini, mweusi kwa masizi tangu utosi mpaka kisigino, macho na meno tu ndiyo yaliyong'aa. Kuni za njiani zilikuwa mbichi, akasimulia baadaye, mashini haikumpa nafasi hata ya kunawa. Alimwendea mjomba mbio, mikono wazi, nami nikapiga kelele, "Baba watoto, shati ya watu!" Nilichelewa. Walipoachana, mjomba alikuwa na mikono miwili mieusi mgongoni, vidole vyote kumi vimekamilika. Akajigeuza kutafuta kuiona. Kisha akamtazama bwana wangu.

"Njo wewe uliyetuleta kutoka Kongolo?"

"Njo mimi."

"Uliendesha mutoto wangu nyumbani kwa mikono yako?"

"Niliweka kuni tu, mukwe wangu. Mashini njo iliendesha."

Mjomba akacheka, tumbo lote likicheza, na ngoma zikalia. Lile shati alikataa kulivua mpaka kesho yake, akimwonyesha kila mtu alama za mkwe mwenzake.

Kanisani mama mkwe alikaa banki ya kwanza, mtandio umeshuka hadi nyusi, kwapani mwavuli, ijapokuwa hapakuwa na dalili ya mvua. Sikumwuliza. Mambo yalikwenda vizuri, watoto wa shule wakaimba, mpaka padri alipochukua maji yake akaanza kurushia watu. Nikasikia kitu kikifunguka ubavuni mwangu, pwa! Mama mkwe alikuwa ameketi wima chini ya mwavuli, uso mbele, kama mtu anayengoja mvua ipite. Padri, mzungu mwenye ndevu, akasimama. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akapinda midomo yake ndani ya ndevu, akapita, akarusha upande mwingine. Tone moja lilianguka juu ya mkono wa mama mkwe. Akalitazama mpaka likakauka.

"Mvua ya Kindu imenilowesha kuliko hii," akaninong'oneza, akafunga mwavuli wake.

Karamu ilikuwa kwetu, kwa hiyo tukavuka sote. Bibi harusi hakuwa na woga hata kidogo; alitumbukiza mkono majini akauacha ufuatane na mtumbwi, huku bwana harusi, na suti yake, amekaa chini miguuni pake. Tulipika wali na samaki na sombe, majani ya muhogo. Kuku walichinjwa na mzee wa msikiti, ili wote tule sahani moja. Wageni wa Kasai walikula wali kwa heshima, kidogo kidogo, mpaka mama wa samaki alipoelewa kwamba kwao mtu asiyekula bukari, yaani ugali, hajala. Tukatwanga mahindi palepale, wanawake wanne, na bibi harusi akavua viatu vyake vyeupe akachukua mchi wa tano. Mama mkwe alimtazama akitwanga. Kisha alimvutia kigoda chake mwenyewe.

Walikaa Kindu miaka mingi kuliko walivyofikiri. Binti zangu wawili wengine walipitia mikononi mwa yule mwalimu, na hakuna aliyewahi kupigishwa magoti tena.

Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, mama mzazi wa mwalimu alipata nguvu ya kusafiri. Alifika mdogo, amekauka, hajui neno la Kiswahili wala la Kifaransa. Mama mkwe wangu hakujua neno la lugha ya Kasai. Asubuhi waliwekewa mkeka mmoja na kapu la karanga za kumenya, nami nikaenda shamba nikiwahurumia. Niliporudi jioni walikuwa wangali hapohapo, maganda yamewafika magotini, kila mmoja akizungumza kwa lugha yake, tena kwa pamoja, na mara kwa mara mmoja akimpiga mwenzake paja kwa kicheko.