Siki ya Mama na Ami wa Jabalini

Zabibu nyekundu nilizinunua mwenyewe huko milimani, Jabal Akhdhar, na bei nilimbana muuzaji mpaka akaapa kwamba nimemfilisi. Sikumwamini, lakini alinipa maelekezo ya bure: kamua, tia mtungini, funika kwa kitambaa chepesi, hewa ipite mpaka iwe siki. Mama aliitaka siki hiyo kwa achari ya posa ya dada yangu.

Posa yenyewe ilikuwa inaning'inia. Ami wa mchumba, mzee wa huko huko jabalini, aliwahi kufanya biashara Unguja. Kiswahili hakukisahau, ukarimu ndio. Alishanong'ona kwamba sisi wa Unguja dini yetu nyepesi. Akikataa yeye, hakuna ndoa.

Nilipoteremka mjini, nyumbani Azaiba, nikampa Mama zabibu na maelekezo. Akapokea zabibu. Mpishi wa biriani haambiwi namna ya kufunika chombo. Akakamua, akatia sukari kupunguza ukali, akaweka kifuniko, kisha akaziba ukingo wote kwa unga uliokandwa, kama sufuria ya biriani ya harusi. Hewa ingepita wapi?

Siku ya posa, wiki kadhaa baadaye, Mama akaubandua unga ule mbele ya ami, kwa maringo, aone zabibu za kwao zilivyoenziwa. Mtungi ukapumua kama mtu aliyefungiwa chooni. Harufu ile hata mimi, ninayejifanya siijui, niliijua. Nyekundu, tamu kiasi, kali kiasi: tulikuwa tumemwandalia mgeni mvinyo.

Dada akanitazama kama anayenichagulia kaburi.

Ami akainama, akanusa. Akanusa tena, nilihesabu.

"Hii haijawa siki," akasema polepole. "Mmeifunga. Babu yangu akiifunga hivi hivi."

Mama akakaa vizuri.

"Kwani babu yako akitaka siki, Sheikh?"

Mzee akaangalia zulia. "Jabalini kuna baridi, bibi."

"Haya. Sie hatujafungua kitu, na wewe hujanusa." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, kaufunike kwa kitambaa."

Baba hayupo, kwa hiyo mahari niliyataja mimi. Nilikuja na hoja za kubishana mpaka magharibi, nikaanza na kiasi cha kujaribia tu. Ami akakubali bila hata kukohoa.

Dada ana furaha kwake. Mimi bado inaniuma: ningetaja zaidi.