Jogoo Wasiomjua Mwewe

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na mwaka ule nilioolewa nilizidi. Tulikaa kwenye laini ya wafanyakazi katika shamba la mzungu, ukipita Subukia kuelekea Kabazi: mimi, mume wangu na mama yake. Mume wangu alikamua ng'ombe. Mimi na mama mkwe tulichuma pareto. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni. Hata sisi tuliotoka magharibi, ambao askari hawakutusumbua sana, tukisikia gari barabarani tuliacha kutafuna.

Wasiwasi wangu mkubwa lakini ulikuwa baba. Hakuipenda ndoa hii. Alisema huku Rift Vali watu wanakaa kama mizigo stesheni, wanangoja kubebwa. Sasa alikuwa ametuma habari kwamba baada ya mavuno atakuja kuona mwenyewe, na nilimjua: asiponikuta na kwangu, angeniambia nifunge nguo zangu turudi pamoja.

Kwetu mgeni wa namna hiyo anachinjiwa jogoo, na anapoondoka anapewa kuku mwingine, mzima, wa kubeba. Mama mkwe alikuwa amenipa tetea mmoja wa kuanzia maisha. Tetea huyo akatotoa vizuri, nami nikaanza kuwatazama wale vifaranga kama mtu anayetazama chungu kisichochemka. Nilitaka baba aondoke na kuku aliyetoka mkononi mwangu.

Ndipo mume wangu akaja na jogoo wawili. Memsaab, mke wa mzungu, alikuwa anapunguza jogoo bandani mwake, akampa hawa, wekundu, miguu minene, vifua mbele. Walikuwa wazuri, sitadanganya. Mama mkwe aliwafanyia kama inavyofanywa kwa kuku mgeni: akawazungusha kwenye mafiga, akang'oa unyoya mmoja wa kila bawa akauchimbia chini ya jiwe la jiko, ili wajue hapa ndipo kwao wasipotee.

Asubuhi yake vita vikaanza. Tulikuwa na jogoo wetu wa zamani, mwenye madoadoa, kilemba kimeliwa na baridi ya milimani. Hakuwa mkubwa, ila alikuwa na roho mbaya. Akampiga mmoja wa wale wekundu, mwenzake akaja kusaidia, vumbi likatimka mpaka kwa majirani. Matetea wakaacha kutaga. Mimi niliyekuwa na mishipa juu tayari nilishindwa hata kusonga ugali.

"Wachana nao," mama mkwe alisema. "Watapigana, watajuana, wataacha."

Mume wangu hakuweza kungoja. Aliamka kukamua kabla ya jua, na mchana alitaka usingizi. "Hawa wageni wameshazungushwa jikoni, ni wa nyumba," alisema. "Mwenye kusumbua ni huyu mzee." Akamkamata jogoo wa madoadoa, akamfunika kwa tenga nyuma ya nyumba, akaweka jiwe juu. Amani ikaja, naye akalala usingizi mzito akikoroma.

Kifaranga wa kwanza alipotea nikiwa shambani. Nikadhani ni paka. Wa pili na wa tatu walienda siku moja, na tetea wangu akazunguka uwanja mzima akiita. Nililia, nikalaumu paka, nikalaumu watoto wa laini, nikamtazama vibaya jirani mmoja ambaye hakuwa amenikosea kitu. Mama mkwe aliniuliza kama ninawafungia vizuri. Nikasikia kama ananiambia sifai, nikanuna siku nzima.

Siku iliyofuata nilisema naumwa, nisiende pareto. Nikakaa mlangoni. Mwewe alikuja kutoka upande wa miti ya mkaratusi, polepole, hana haraka. Kivuli chake kikapita juu ya uwanja. Wale jogoo wekundu waliinua vichwa, wakamtazama kama watu wanaotazama ndege ya kiwanja cha Lanet ikipita, kisha mmoja akaendelea kuchakura. Hawakutoa sauti. Kwa Memsaab walikuwa wameishi chini ya waya tangu kuanguliwa, waya kando na waya juu. Kitu cha angani hakikuwa kimewahi kuwahusu. Kutoka ndani ya tenga, nyuma ya nyumba, nikasikia ule mlio mrefu wa kooni wa jogoo wetu, wa kuonya. Sijui alionaje kupitia matundu. Ukuta ulikuwa katikati na matetea wakachelewa kusikia. Niliporusha kigoda nilichokalia, mwewe alikuwa ameshachukua chake.

Nikaenda nikalipiga teke lile jiwe la tenga, jogoo wetu akatoka. Mume wangu aliporudi nilimwambia maneno ambayo mke mpya hasemi, na mama yake akiwa palepale. Mama mkwe alikunja mdomo, nikaona anazuia kicheko.

"Mimi nilisema wachana nao," alimwambia mwanawe. "Wewe umefunga askari, ukaacha wageni walinde boma."

Baba alipofika, nilikuwa nimebaki na kifaranga mmoja, mwembamba, bado hajafaa kubebwa na mtu yeyote. Jogoo mwekundu mmoja alichinjwa. Baba alikula, akatazama paa, akatazama jiko, akanitazama mimi. Sikulala usiku ule. Nilijua asubuhi ataondoka mikono mitupu, na mikono mitupu ingesema yote aliyokuwa akiyawaza.

Asubuhi mama mkwe alitoka akiwa na jogoo wa madoadoa, miguu imefungwa.

"Mama, si huyo," nilimnong'oneza. "Peana ule mwekundu."

"Nimpe mkwe wangu jogoo mjinga?" Akamgeukia baba, akapiga goti kidogo. "Mkwe, hii ndiyo inalinda nyumba. Msichana wako ndiye ameitoa."

Baba alimpokea kwa mikono miwili. Alimshika muda mrefu, akampapasa kifua, halafu akaniambia, "Nitamwambia mama yako umepata watu." Akaenda kutafuta lori la Nakuru, bila kuniambia nifunge nguo.

Nilipaswa kufurahi. Nilikimbia uwanjani badala yake, maana sasa hatukuwa na mlinzi, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti. Nikaketi karibu na tetea wangu, shingo nimeikunja, macho yananiuma kwa mwanga. Muda kidogo mama mkwe akaleta kigoda chake na kikapu cha maharagwe ya kuambua, akaketi kunipa mgongo.

"Wewe angalia huko kwa miti," alisema. "Huku niachie mimi."