Vibao 614 vya bustani asiyoijua

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mama Vibao amesimama mbele ya meza yake, brashi nyembamba mkononi, pumzi ameibana. Anauvuta mstari wa kushuka wa herufi M, anainua mkono, ndipo anapumua. Bati lililo mbele yake likikauka litasomeka DAKTARI WA MENO, GHOROFA YA PILI.

"Ukipumua katikati ya herufi, inatetemeka," anasema bila kugeuka. "Karibu, mwanangu. Kiti hakuna."

Kweli hakuna. Karakana hii ya chumba kimoja, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ina meza ndefu, makopo ya rangi, chupa ya tapentaini, msasa uliochakaa na redio inayoshika stesheni moja tu. Hakuna kiti, kigoda wala benchi. Kwa miaka ishirini na sita ameandika akiwa amesimama kwa sababu, anavyodai yeye, mkono wa mtu aliyekaa unakuwa mvivu. Mwandishi wa simulizi hii alisimama saa tatu nzima, na miguu yake ni shahidi.

Mama Vibao ana umri wa miaka hamsini na nane. Jina hilo alipewa na majirani, na amelistahili. Hapa mjini kila aliyewahi kutafuta choo, fundi viatu au mlango wa kutokea amemsoma yeye bila kujua. Wanaomlisha, anasema, ni madaktari wa meno na wenye mbwa wakali.

Lakini kazi yake ya moyoni haiko hapa mjini. Iko kisiwani, mwendo wa saa mbili na nusu kwa boti, kwenye bustani kubwa ya mimea ya nchi za joto. Huko kila mti, kila ua na kila njia ina kibao cha kijani chenye maandishi meupe, na vyote vimetoka kwenye meza hii. Ni vibao 614 katika miaka kumi na tisa. Kibao kimoja humpa hela ya mkate na sukari, basi.

Bustani yenyewe hajawahi kuikanyaga.

"Hata lango lake silijui," anasema, akifuta brashi kwa kitambaa. "Ila nimeliandika mimi. KARIBU, herufi za sentimita ishirini."

Utaratibu wao haujabadilika tangu siku ya kwanza. Mtunza bustani anatuma karatasi ya majina kwa boti, na vibao vinarudi kwa boti hiyo hiyo. Mtu mwingine angenakili majina na kulipwa chake. Mama Vibao hupiga simu kwanza. Anauliza mti wenyewe ukoje: umeinama? Una miiba? Gome lake laini au limepasuka? Mti mrefu anauandikia herufi za kujinyoosha, na mti mnene anaupa herufi za kujaa. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

"Mwanzoni nilidhani ni umbea tu," anasema mtunza bustani kwa simu, na kicheko chake kinasikika chumba kizima. "Nikamwambia, dada, wewe andika MLANGILANGI tuendelee na kazi. Akanijibu, siwezi kuandika jina la mtu nisiyemjua sura! Ikabidi nitoke ofisini, nikaushike mti, nikirudi nimweleze."

Wawili hao hawajaonana ana kwa ana hadi leo.

Kwa kuwa ameandika pia mishale yote ya njia, Mama Vibao anaweza kuitembea bustani hiyo akiwa amefumba macho. Na ndivyo anavyofanya, akiwa amesimama pale pale mezani. Ukiingia langoni unapinda kushoto kwenye viungo: mdalasini, mkarafuu, mkungumanga. Mita mia mbili mbele kuna maua ya majini. Ukiyapita, usishike kulia, huko ni stoo ya mbolea. Panda mteremko. Anapofika kwenye mteremko sauti inashuka, na macho anayafumbua.

Juu ya mteremko huo kuna kosa lake.

Mume wake, dereva wa malori, alimwahidi kwa miaka mingi kwamba akistaafu tu watapanda boti wote wawili. Alistaafu. Mwezi wa pili baada ya hapo alipigwa na kiharusi. Kwa miaka minne Mama Vibao alimgeuza kitandani, akamlisha, akakimbia karakanani, akarudi kumgeuza tena.

Katika mwaka wa pili wa ugonjwa ulikuja mzigo wa kawaida wa majina kutoka kisiwani, na ndani yake onyo moja. Kuna mti huko unaoangusha matunda mazito kama mawe, kwa hiyo kibao kilitakiwa kisomeke: TAFADHALI USIKAE CHINI YA MTI HUU. Mama Vibao akachora mistari ya penseli, akaandika kwa herufi pana, akakausha, akafunga, akatuma. Kilisomeka: TAFADHALI UKAE CHINI YA MTI HUU.

Mtunza bustani alikipigilia misumari kwa mkono wake. "Sikukisoma," anakiri. "Nilikuwa namwamini kuliko macho yangu."

Siku ya tatu alimkuta mzee mmoja na mkewe wametandika kitambaa chini ya mti ule, wanakunywa chai ya chupa. Akawapigia kelele waondoke haraka, hapo ni hatari. Yule bibi hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye kibao na kumuuliza, "Sasa si nyinyi mmetukaribisha?"

Mtunza bustani alimpigia simu Mama Vibao akicheka. Upande wa pili alisikia kilio.

"Nililia kwa aibu," anasema Mama Vibao. "Miaka yote hiyo sijawahi kukosea hata yale majina ya kitaalamu, marefu kama treni. Leo nashindwa na USIKAE? Nikamwambia nirudishie nikifute. Akakataa katakata."

Aliandika kingine sahihi usiku huo huo, bila malipo. Kile cha kwanza mtunza bustani alikipandisha juu ya mteremko, akakiweka chini ya mti wa mkungu wenye kivuli kipana, kisha akamwita seremala atengeneze benchi. Anasema ndiko wageni wanakoenda zaidi siku hizi, kuliko hata kwenye maua ya majini.

Mama Vibao anaziba kopo la rangi ambalo halikuwa limemaliza kazi yake.

"Nimeliwaza sana lile kosa. Mwaka ule watu walikuja nyumbani kunipa pole. Kila mmoja aliniambia, jikaze. Walikuwa na nia njema, siwalaumu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia, mama, ukae. Basi nadhani mkono ulijisemea wenyewe."

Mume wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka uliofuata Mama Vibao na mdogo wake, ambaye ni mpishi wa shule, walikata tiketi na kufika hadi gatini. Mabegi yao yalikuwa yameshapakiwa. Mama Vibao alipokanyaga ngazi ya boti, aligeuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Mabegi yalikwenda kisiwani peke yao na kurudi jioni.

"Dada, hiyo bustani ingekuwa mwanamume, ningekwambia umeshachezewa," mdogo wake, aliyepita karakanani kumletea chai, anamtania. "Miaka kumi na tisa unaandikiwa barua tu!"

"Wewe nyamaza."

"Na mabegi yetu yameiona kabla yako."

Wanacheka wote wawili, kisha dada mtu anaacha kucheka kwanza. Hakuwa na shida ya nauli siku ile, anasema. Aliogopa.

"Nimeijenga ile bustani kichwani, mti mmoja mmoja. Nikaona nikifika nikakuta ni miti tu kama ya hapa nje, nitabaki na nini? Halafu nikatazama ndani ya boti, viti viwili viwili. Nikajiuliza, hiki cha pembeni yangu kilikuwa cha nani?"

Safari hii hana nafasi ya kuahirisha. Wiki mbili zilizopita mtunza bustani alimpigia kwa sauti isiyokuwa na kicheko. Uongozi umeamua vibao vyote vya mkono ving'olewe, viwekwe vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, vyenye lugha tano. Kazi inaanza Jumatatu ijayo. Akifika baada ya hapo, hatakuta hata herufi yake moja.

"Nimeomba kile cha juu ya mteremko king'olewe cha mwisho," anasema mtunza bustani. "Kukiacha kabisa siwezi, amri ni vibao vyote. Mwambie asinifanyie tena mambo ya mabegi."

Ndiyo maana ukutani, juu ya makopo, kuna bati jipya la kijani lenye maandishi meupe: JUMAMOSI. SAA MBILI ASUBUHI. BOTI. Mama Vibao ameliandika mwenyewe na kulipigilia misumari minne.

"Karatasi ningeichana," anaeleza. "Bati nitalichana vipi?"

Mdogo wake ana mpango wake wa pembeni. "Namshika mkono mpaka ndani. Akitaka kulia, alilie humo humo, boti ikiwa imeshaondoka."

Tunamuuliza Mama Vibao ataanza na nini akishaingia langoni. Mlangilangi, ambao mtunza bustani alitoka ofisini kuushika kwa ajili yake? Viungo? Maua ya majini?

Anatikisa kichwa. Amechukua tena brashi yake na kuichovya, ila hajaigusisha kwenye bati.

"Hivyo vyote nitaviona wakati wa kushuka. Kwanza napanda mteremko. Nikifika pale juu, nakitii kibao."

Anamtazama mdogo wake, kisha anarudisha macho kwenye herufi iliyobaki nusu.

"Mtunza ameniambia lile benchi ni la watu wawili," anasema taratibu. "Kwa hiyo huyu atazungukazunguka kidogo kwanza. Pembeni yangu nitaacha nafasi."