Siku Niliyolegeza Springi za Lori la Kijiji

Kuna aibu ambazo mtu anazika na kuzisahau, na kuna nyingine ambazo kila mvua inaponyesha zinaota upya, na hii yangu ni ya namna hiyo, maana mpaka leo nikipita Mlola lazima mtu wa rika langu anipungie mkono na kuuliza, "Mtakatifu, funguo unazo?" Nami nacheka, nifanyeje. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wanaoongeza chumvi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi Petro nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu upande wa Lukozi (dereva, fundi na mwosha gari, vyote mimi), na lori lenyewe lilikuwa kuukuu, springi zake ngumu kama moyo wa Farao, ukilipitisha kwenye shimo kabichi zilizo nyuma zinaruka juu na kurudi, na abiria vilevile.

Lakini shida yangu haikuwa kabichi. Shida yangu ilikuwa Elizabeti, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti wa Mzee Yoeli aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Nilikuwa nimekwisha kutuma wajumbe wa posa mara mbili, na mara zote mbili mzee alitoa jibu lile lile: "Huyo kijana alinibeba mpaka Lushoto, mgongo wangu mpaka leo unauma. Asiyejua kubeba mgongo wa mzee atambebaje binti yangu?" Wajumbe walirudi mikono mitupu, nami nikawa nalala na jibu hilo kifuani.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kwaya imealikwa Mlola kuimba kwenye ufunguzi wa zahanati mbele ya mgeni rasmi, na kwamba Mzee Yoeli atapanda lori langu, nikajisemea hapa hapa, nikimfikisha mzee laini kama yai, ataishiwa sababu.

Springi ya lori, kwa msioijua, ni vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu na vifupi chini, tunaviita pleti, na vinashikwa pamoja na vibano visije vikaachana. Nikatoa pleti mbili kila upande wa nyuma, zilizobaki nikazisugua na kuzipaka grisi ziteleze, na kama ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zake. Ila nikavitazama vile vibano, nikaona ndivyo vinavyozuia gurudumu lisishuke vizuri shimoni, nikavifungua vyote nikavitia mfukoni. (Mfukoni, jamani! Kama mtu anayetembea na chenji.) Nikalijaribu lori likiwa tupu pale kijitoni: gurudumu moja likazama, jingine likapanda jiwe, na bodi juu imetulia tuli, nikasimama nalitazama mpaka macho yakalowa.

Elizabeti alikuwa anapita na madaftari yake, akasimama.

"Petro, mbona linacheza hivyo?"

"Halichezi, linabembea."

"Linabembea likiwa tupu. Likijaa watu je?"

Nilikuwa namtazama yeye, swali lenyewe lilinipita.

Siku ya safari tukaondoka asubuhi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, waimbaji thelathini nyuma, Elizabeti na baba yake wakiwemo, wamevaa majoho meupe mapya ya amerikani. Lori liliondoka bila mshtuko wowote. Kila kona liliinama upande huu, likakaa kidogo kama linawaza, kisha likainama upande ule, na ukungu ukawa unaingia na kutoka kati ya miti mpaka nikawa sijui kama naendesha gari au napepea. Nikaanza kuota macho wazi: namwona Elizabeti anatoka mlangoni kwangu, namwona Mzee Yoeli ananiita mkwe, na magurudumu chini yangu siyasikii kabisa. Nyuma walikuwa wanaimba. Kisha sauti ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikafuata, ya tatu ikafifia yenyewe, ikabaki besi ya Mzee Yoeli peke yake, nayo mwishowe ikageuka kukoroma. Mimi nikatabasamu, nikasema moyoni, wamenogewa.

Mlola walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara, mgeni rasmi katikati, akina mama wanapiga vigelegele. Nikaegesha kwa madaha pembeni, na gurudumu la nyuma la kushoto likaingia mtaroni. Likashuka. Likazidi kushuka, pleti zikaachana kama vidole vya mkono, maana vibano bado ninavyo mimi mfukoni, na bodi ikaanza kuegemea pole pole, bila haraka yoyote, na waimbaji wote thelathini, ambao walikuwa wamelala fofofo wakiegemeana, wakaegemea nayo. Mwenyekiti wa kijiji cha Mlola, kwa ukarimu wake, akaenda kufungua ubavu wa bodi ili wageni washuke.

Hawakushuka, walimiminika. Mmoja baada ya mwingine, majoho yakipepea, waliteremkia kwenye shamba la kabichi chini ya barabara kama maharage yanavyomwagwa kwenye ungo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila tarumbeta moja ya kwaya ilibonyea na kabichi za watu zikasagika.

Nikaruka chini nikamkimbilia wa kwanza niliyemwona. Alikuwa Mzee Yoeli, amelala chali katikati ya kabichi, ukungu umemfunika mpaka kidevuni, na pande zote watu wa majoho meupe wanainuka taratibu bila kusema neno. Akafumbua macho, akanitazama.

"Petro," akaniita kwa sauti ndogo. "Nimefika?"

"Umefika, mzee," nikasema, maana kweli tulikuwa tumefika Mlola.

Machozi yakamtoka. "Basi niungame kabla hujafungua mlango."

Hapo ndipo nilipoelewa ni Petro yupi anayesemeshwa: yule mtakatifu mwenye funguo za mbinguni. Na hapo, wenzangu, mtu mwenye akili angesema, mzee, ni mimi dereva, nipe mkono uinuke. Mimi nikakohoa, nikashusha sauti, nikasema, "Ungama, mwanangu."

Mwanangu! Mzee wa umri wa baba yangu!

"Mgongo wangu hauumi," akasema. "Haujawahi kuuma. Nilimsingizia yule kijana wa lori. Tangu mama yake Eliza afariki, nyumba iko kimya. Asubuhi nikimsikia Eliza anapuliza moto jikoni, najua kwamba bado kuna mtu. Akiolewa, nitaamka nimsikie nani?"

Maneno yale yalinichoma, nasema kweli, na bado sikunyamaza. Tamaa ilikuwa imenishika, nikauliza, "Na kijana mwenyewe, unamwonaje?"

"Kijana mzuri. Ila anajisifu sana."

Mtu akacheka nyuma yangu. Nikageuka: mgeni rasmi, mwenyekiti na kijiji kizima cha Mlola wamesimama ukingoni wanasikiliza, na mbele yao Elizabeti, jani la kabichi begani, machozi machoni, hacheki.

"Shikamoo, Mtakatifu Petro," akasema.

Nikainuka kwa pupa, mfuko ukachanika, vile vibano vikamwagika chini mbele ya watu wote. Mzee Yoeli akaokota kimoja, akakigeuzageuza, na nikamwona anaamka sawasawa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na hizi ndizo funguo?"

Mgeni rasmi alicheka mpaka akakosa hotuba. Kamati ya kijiji chetu yenyewe haikucheka: iliniamuru nirudishe kila pleti na kila kibano, kisha ikaninyang'anya usukani, nikalima shamba la ujamaa msimu mzima. Mzee na binti yake wakawa wanapita bila kunisalimu, nami nilistahili, kwa sababu nilikuwa nimechungulia moyo wa mzee bila hodi.

Baada ya mavuno sikutuma wajumbe. Nilikwenda mwenyewe alfajiri na mzigo wa kuni, nikaingia jikoni kwao, nikawasha moto na kuupuliza kwa nguvu, asikie. Elizabeti akatokea mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nimekuja kuomba nihamie huku. Pamoja na wewe na mzee."

Akautazama moto, akanitazama mimi. Kisha ndani mzee akauliza, "Nani huyo anapuliza vibaya hivyo?" na Elizabeti akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mlola.

Nilioa, nikahamia ukweni, watu wakanisema (mwanamume kukaa kwa mkwe, na huku kwetu!), na nikaapa kwamba kibano cha springi sitakifungua tena, wala sitaitika tena kwa jina la mtu mwingine.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya ukungu, mzee amedhoofika, hainuki tena kitandani, nilikuwa napuliza moto nikamsikia ananiita. Nikaingia, nikakaa kando yake.

"Petro," akasema. "Nimefika?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, nikaona hatanii. Safari hii nilimjibu kama dereva.

"Bado, mzee. Lala tu. Tukifika nitakuamsha."