Kaburi la Asilimia Themanini na Nne

Mtu akimwambia Philister Nanyama "subira huvuta heri" mbele yangu, mie humfukuza dukani, na sijali kama ni mteja. Subira hiyo mwenzangu ameivuta miaka kumi na sita. Heri yenyewe sijaiona hata kisigino chake.

Naitwa Zena, ila wengi huniita Mama Rumaisa, kwa jina la mwanangu. Nina duka la kushona katikati ya jiji la Nairobi, ingawa kwetu ni Mombasa. Philister ni Mbukusu wa Bungoma, anafua na kupika kwenye ghorofa moja Kileleshwa, na kilichotukutanisha ni suti. Mumewe, Wesonga, alikuwa mtunza bustani kwenye jumba moja kubwa mtaani Karen. Aliniletea kitambaa cha kijivu nimshonee suti ya kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Nilimpima, akacheka kama mtoto utepe ulipomgusa kwapani, akasema atarudi Ijumaa na viatu vyake ili tupime pindo la suruali. Ijumaa akaja mkewe, mtoto Maurine mgongoni, kuniuliza kama nimemwona. Wesonga alikuwa ametoka kwenda kazini Karen siku mbili kabla, na tangu hapo hakuonekana tena. Tajiri wake hakujua, polisi hawakujua, mochari zote hakuwemo.

"Basi chukua suti yake," nilimwambia miezi ilipopita.

Akakataa katakata. "Atakuja kuichukua mwenyewe."

Haya. Suti ikabaki inaning'inia nyuma ya mabuibui, pindo lina pini, na kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani naifuta vumbi, naipiga pasi, huku nalaani.

Watu wa mume walikuwa na dawa yao. Kwao, mtu akipotea moja kwa moja, huzikwa mgomba badala yake. Shina la mgomba huvishwa nguo za aliyepotea, likatiwa sandukuni, likaliliwa, likafukiwa, na mambo yakaisha. Joash, kaka mkubwa wa Wesonga, alimsihi Philister mara nyingi wafanye hivyo. Naye kila mara alikataa, maana mgomba ukishazikwa, mwenyewe akirudi hai hana pa kuingia. Kwao ameshakuwa maiti.

"Nimfungie bwana yangu mlango kwa mikono yangu?" aliniuliza siku moja. "Siwezi, Mama Rumaisa. Siwezi."

Nikamwambia kwetu angekwenda kwa kadhi zamani na angekuwa ameshaolewa tena. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. Tulinuniana wiki nzima kwa neno lile.

Halafu mwaka huu, tingatinga lililokuwa likichimba msingi wa nyumba Karen, barabara ya pili kutoka lile jumba, likafukua mifupa. Haikuwa yote, ilikuwa ya miguu, mbavu chache na taya la chini. Mwanamume mzima, walisema. Philister alipata habari akiwa kwangu, akakaa palepale kizingitini. Wateja wakawa wanamruka wakiingia.

Polisi walichukua mate ya Maurine wapime kama ni damu moja na mifupa ile, lakini mifupa ilikuwa imeroweka miaka kwenye shimo la maji machafu, kipimo kikashindwa. Ndipo tukapelekwa kwa Daktari Nzisa, mama wa Kikamba mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ni kutafuta umri wa vitu vya kale. Alituchorea mlima kwenye karatasi. Upande mmoja mkali kama ukuta, upande wa pili mteremko mrefu.

"Kila kinachoishi kinaingiza kaboni ya hewani mwilini," alisema. "Miaka ya hamsini na sitini mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia, na hewa ya dunia nzima ikabadilika. Aina moja ya kaboni ikapanda haraka, halafu ikaanza kushuka polepole mpaka leo. Alama hiyo inabaki kwenye mfupa. Huu wetu umeangukia hapa." Akaweka kalamu katikati ya mlima. "Lakini mkiambiwa mtu yuko katikati ya mlima, mtajuaje kama anapanda au anashuka?"

Philister akainamia karatasi.

"Hatujui. Mteremko wa kushuka ni mrefu, kwa hiyo miaka mingi zaidi inalingana na kipimo hiki huko. Hesabu inatupa asilimia themanini na nne kwamba huyu mtu alifariki miaka hii ya karibuni. Kumi na sita zilizobaki, alifariki miaka ya sitini. Na hiyo ni hesabu ya kipimo, mama, si ya mume wako. Jino tumelituma. Mfupa hujijenga upya maisha yote, lakini jino likishaota halibadiliki. Litatuambia alizaliwa lini. Tusubiri jino."

Tusubiri jino. Alisema mara mbili, na mie ni shahidi. Lakini Philister alipompigia Joash simu, masikio ya Joash yalishika themanini na nne peke yake. Themanini na nne! Mtoto akileta hiyo kutoka shuleni anachinjiwa kuku. Joash akaita ukoo, akatangaza matanga, akaagiza jeneza, na Alhamisi vijana wakachimba kaburi kando ya kaburi la baba yao.

Philister aliponieleza nikadhani tatizo ni aibu tu. "Si walifukie?"

"Kaburi haifukiwi tupu," akasema. "Ikichimbwa imeshaita mtu. Ikiachwa itachukua mwingine pale nyumbani. Lazima iwekwe kitu."

"Kitu gani?"

Akageuza uso pembeni. Nikaelewa mwenyewe. Kama mifupa si ya Wesonga, mgomba aliougomea miaka yote hiyo sasa unamngoja.

Ijumaa Daktari Nzisa akapiga simu, jibu la jino limefika. Nilifunga duka nikaenda naye. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi yake, Philister amevaa gauni lake la kanisani, mikono ameibana katikati ya magoti. Simu yake ikalia. Ni Joash, na sauti yake niliisikia nilipo.

"Mama Maurine, imekuwaje? Watu wamejaa hapa. Wazee wanasema kaburi haiwezi kulala wazi usiku mwingine."

"Ngoja, shemeji. Bado hatujaitwa."

"Ni yeye lakini? Wewe unaonaje?"

"Ngoja, shemeji."

Akakata. Halafu, bila kunitazama, akasema polepole, "Mama Rumaisa, nataka kukwambia kitu na usinihukumu. Naomba iwe ni yeye. Tangu juzi nafunga na kuomba. Mungu anisamehe, nimepiga magoti nikaomba bwana yangu awe amekufa."

Mie mdomo wangu haufungiki, kila mtu anajua. Siku hiyo ulifungika. Nilimvuta kichwa nikakilaza begani.

Tukaitwa. Daktari Nzisa hakutuzungusha, na kwa hilo namshukuru.

"Jino halina alama ya mabomu hata kidogo."

"Tuambie kwa Kiswahili cha watu!" nikafoka.

"Maana yake huyu mtu alikuwa ameshaota meno yake yote kabla ya majaribio kuanza. Alizaliwa kabla ya mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tano. Mama, mume wako alizaliwa lini?"

"Sabini na moja."

"Basi si yeye. Pole sana. Huyu alikuwa kwenye zile kumi na sita. Alifariki miaka ya sitini."

Nilingoja Philister apige ukunga. Hakupiga. Alibaki ameikodolea macho ile picha ya mlima iliyokuwa bado mezani, upande ule mkali.

"Alikuwa mtu mzima?" akauliza.

"Miaka thelathini na kitu, tunavyokisia kwa mifupa."

"Watu wake wako wapi?"

"Hatujui. Ukiacha nyinyi, hakuna aliyekuja kumuulizia. Tutamhifadhi kwenye sanduku, tumwandikie namba."

"Na bibi yake?"

"Mama, hatujui hata kama alikuwa na—"

"Alikuwa naye!" Sauti ilimpanda, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mwanamume wa thelathini na kitu? Alikuwa na bibi! Alitoka nyumbani asubuhi, akamwambia nitarudi. Bibi alimngoja mpaka lini?"

Daktari akaifunika kalamu yake. Kipimo cha hilo hakuwa nacho.

"Miaka sitini," Philister akasema. "Kama hajakufa ni kikongwe sasa. Kila jioni anatega sikio." Akajigusa kifuani. "Mimi ndiye huyo. Mama Rumaisa, mimi ndiye huyo."

Nikalia mie badala yake. Simu nayo ikalia. Safari hii alipokea upesi.

"Shemeji, si yeye."

Tukamsikia Joash analia, mzee mzima. Nilikuwa nimemlaani wiki nzima kwa haraka yake, na hapo hasira ikaniisha. Kumbe na yeye alikuwa anamngoja ndugu yake, akashindwa kungoja hata jino.

"Mama Maurine, nisamehe," akasema. "Kaburi sasa tuifanye nini?"

Philister alifumba macho.

"Kateni mgomba," akasema. "Nakuja na basi ya jioni. Msizike kabla sijafika."

Hakutaka kwenda Kileleshwa kwanza. Alitaka dukani. Tulipofika nikafungua, akapita mwenyewe nyuma ya mabuibui, akaishusha suti ya kijivu na hanga lake, akaiweka juu ya meza mbele ya cherehani.

"Imalize."

"Pindo sikulipima," nikasema. "Alikuwa aje na viatu."

Akasimama wima, akaweka kiganja ubavuni mwake mwenyewe, juu kidogo ya nyonga. "Kiuno chake kilikuwa kinanifika hapa. Pima."

Nikapiga magoti nikapima kutoka kiganja chake hadi sakafuni, nikamwachia na kisigino cha kiatu. Nikapinda, nikashona, machozi yanadondoka kwenye kitambaa na sikujali kuyafuta. Nikaipiga pasi kwa mara ya mwisho. Akaipokea, akapitisha vidole ndani ya miguu ya suruali, wa kulia kisha wa kushoto.

"Pini umetoa zote?"

"Zote."

"Angalia tena, Mama Rumaisa. Zisimchome."

Nikaangalia tena.