Kitabu Kimoja, Wachezaji Wanne

Sikiliza, ndugu yangu uliyekua enzi zetu, zile za kitabu kimoja kwa ukoo mzima. Likizo moja kijijini kwetu Namswea, mlimani, tulikuwa tunachambua kahawa mbivu, vidole vinanata, huku kaka Kosmas akitusomea hadithi ya kujichagulia njia: "Ukiingia pangoni, nenda ukurasa wa kumi na mbili. Ukirudi kijijini, nenda wa thelathini."

Kitabu kilitaka shujaa mmoja. Sisi tulikuwa wanne. Basi tukapiga kura kwa punje za kahawa: nyekundu tunaingia, kijani tunarudi. Mimi, Kosmas na dada Fides, watoto wa mlimani, kura zetu zilikuwa moja daima. Binamu Tuna, aliyekuja kututembelea kutoka ziwani, alibaki peke yake na kijani chake.

"Nimeshindwa tena?" akauliza siku ya tatu.

"Wewe mtu wa kuvua usipa ziwani, mapango utayajulia wapi!" Kosmas akamcheka.

Tuna akaingia ndani kufunga nguo zake begini. Alisema kesho anapanda basi, anarudi kwao. Mama akasimama mbele yetu: "Kosmas, mgeni wako anaondoka na njaa. Siyo ya ugali."

Fides ndiye aliyepata dawa. Alichukua daftari, akamwachia Tuna kurasa tatu ajiandikie safari yake ya kijijini. Sisi tungeingia pangoni, kisha tungekutana naye ukurasa wa arobaini. Tulipofika hapo tumenaswa pangoni, maji yanapanda, Tuna akasoma kwa sauti: amefika na wanakijiji, kamba, na mtumbwi.

"Mtumbwi huku mlimani?" Kosmas akashangaa.

"Tumeubeba, kaka."

Tulicheka hadi tukamwaga kahawa. Nguo zake alizifungua mwenyewe, basi likaenda bila yeye.

Siku hizi hadithi kama zile nawageuzia wanangu kuwa michezo ya ujumbe wa simu, mchezaji mmoja yuko Kitai, mwingine yuko Mbamba Bay. Vijana wana mbio! Mtandao ukimkwamisha mwenzao dakika mbili, wameshamzika mchezoni na kugawana upanga wake. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja na muda tele. Wao wana hadithi tele, ila wa kumngoja mwenzake ndiye adimu. Siwalaumu. Hawajawahi kumwona binamu akifunga nguo.

Nawe ukitaka kutengeneza mchezo wako, anza hivi: wachezaji wakitofautiana, usipige kura. Mpe kila mmoja kurasa tatu zake, kisha andika ukurasa mmoja wa kukutana.