Redioni Niliulizwa Kama Nilicheka

Dada yangu alifariki baada ya kuumwa muda mrefu, na hitima ilipokwisha binti yake wa miaka saba alihamia Kikwajuni, kwangu mie na mama yangu. Wakati huo nilikuwa nikiandika habari za filamu katika gazeti dogo la mjini. Mhariri aliniambia nirudi kazini nitakapojisikia. Sikujisikia chochote, nikarudi.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa katuni ya watoto iliyokuwa ikioneshwa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Malindi, hapohapo mjini. Ilihusu ukoo wa mazimwi waliohamia mjini wakafungua duka la maandazi, na kila mteja akiwaona anatimua mbio. Nikamchukua yule mtoto. Zimwi baba alipolikalia sinia la maandazi, ukumbi mzima uliangua kicheko, na yeye akacheka nao. Mie nilitazama tu. Niliona rangi zimechorwa vizuri, na sauti zinachelewa kidogo nyuma ya midomo. Nikayaandika hayo.

Katuni ile ikazua maneno. Gazeti moja la Dar es Salaam liliiita upuuzi usio na funzo. Jingine likasema watoto hawajapata kuchekeshwa vile. Kwetu, wazee kadhaa walilalamika kuwa watoto wanafundishwa kuyapenda mashetani, na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani akawakataza wanafunzi wake kwenda. Redioni wakaandaa kipindi, wakaniita, kwa kuwa mie sikusifu wala sikuponda.

Wasikilizaji walipiga simu. Mama mmoja wa Jambiani alisema wanawe hawajaiona, wamehadithiwa tu na binamu zao, na sasa hawataki kwenda chooni peke yao. Mwanamme mmoja alisema yeye ni mtu mzima na alicheka mpaka machozi. Mtangazaji akanigeukia.

"Tuache uchambuzi. Weye mwenyewe ulicheka?"

"Sikucheka."

"Basi ni mbaya."

"Sikusema hivyo. Siku hizi mie sicheki. Mtoto niliyekwenda naye alicheka."

Mtangazaji akaweka taarabu. Nilijua nimekiharibu kipindi chake, na hata hilo halikunigusa.

Nyumbani walikuwa wamenisikiliza. Mama alinisogezea chai. Mtoto alikuja kukaa mkekani, karibu na goti langu.

"Mama mdogo," alisema, "hata mie sikutaka kucheka. Nlicheka kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanacheka."

Nilimuuliza kama hapakuwa na kilichomfurahisha. Akafikiri.

"Lile zimwi lilipokaa, kidogo. Halafu nkakumbuka."

Sikumuuliza alikumbuka nini. Nilipaswa kumkumbatia, nadhani, lakini mikono yangu ilibaki kwenye kikombe. Yeye hakuondoka. Alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Katuni ilipokuwa inakaribia kuondolewa, aliniomba twende tena. Nikamwambia si lazima, naye akasema anajua. Tulikaa viti vya nyuma kabisa. Watoto walicheka palepale walipocheka mara ya kwanza. Sisi hatukucheka, na hakuna aliyegeuka kututazama. Taa zilipowaka aliniambia amechoka, nikamshika mkono, tukatoka.